Goti la Chuma na Kilomita 5

Wajukuu zangu, siku mkila kuku, msiutupe mfupa wa paja kabla ya kuutazama nchani. Mtaona sehemu nyeupe inayoteleza kama sabuni iliyolowa. Hilo ni gegedu. Nasi tunalo: limefunika ncha ya mfupa wa paja na ya mfupa wa muundi, ili goti likunjwe bila mfupa kusaga mfupa. Langu la mguu wa kulia lililika likaisha.

Nilipopasuliwa, majirani walidhani nimeng'olewa goti zima nikapachikwa jingine. Sivyo. Daktari alikata vipande vyembamba kwenye ncha zilizoharibika, akazivalisha chuma, katikati akaweka plastiki ngumu ifanye kazi ya gegedu. Misuli ni ileile niliyozaliwa nayo.

Kesho yake nikasimamishwa kwa magongo. Baada ya siku chache kijana wa mazoezi ya viungo, mpole lakini habembelezeki, akanipeleka kwenye ngazi. "Bibi, ukipanda tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza uliopasuliwa." Jaribuni ngazini polepole mtajua kwa nini: ukipanda, mguu wa mbele ndio unaokuinua, ukishuka, uliobaki nyuma ndio unaojikunja ukiwa umekubeba.

Ngazi nilizimudu. Kukunja goti ndiko kulikonitoa machozi. Nilikaa kitandani nikivuta kisigino kidogo kidogo kuelekea makalioni, upindo wa kanga nimeuuma kwa meno. Wiki za mwanzo ukilihurumia goti, kovu hukaza kwa ndani, na baadaye halikunjiki tena vizuri.

Nilitembea hadi getini, kisha hadi kwa muuza ndizi, kisha hadi kanisani. Jioni goti likivimba naliinua juu ya mito. Miezi ikapita hivyo.

Nilichokitaka mnakijua. Hapa Moshi tuna Kilimanjaro Marathon tangu 2003, na pamoja na mbio ndefu zipo za kilomita 5 za kujifurahisha. Nilizikimbia miaka mingi. Daktari akaniambia kutembea, kuogelea na baiskeli ni ruksa, ila kukimbia kunaitwanga plastiki ile, nayo huchakaa. Niliumia sana. Kwangu kutembea kulikuwa kushindwa.

Binti yangu ndiye aliyenisimulia habari za London. Mwaka 2004, katika bustani ya Bushy Park, Paul Sinton-Hewitt, mkimbiaji aliyekuwa ameumia, aliandaa kilomita 5 ili asipotezane na wenzake. Walikimbia watu 13. Mbio hizo, parkrun, zimeenea nchi nyingi, na watembeao hukaribishwa. Yuko hata mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, mshiriki yeyote asiwe wa mwisho. Hilo lilinigusa kuliko yote. Kumbe kuna watu waliokaa wakamfikiria wa mwisho!

Mjukuu wangu mkubwa akasema kazi hiyo ni yake.

Asubuhi ya mbio zetu za Moshi kilele cha Kibo kilikuwa wazi, theluji yake inang'aa. Alinibandika namba kifuani kwa pini nne, akarudi nyuma yangu hatua mbili. Watoto walitupita, akina mama wenye vichanga mgongoni walitupita, naye hakunihimiza hata mara moja. Tulipofika, nilivuka mstari nikageuka kumtafuta. Alikuwa amesimama upande wa pili, mikono nyuma, anangoja niandikwe kwanza.