Springi na Shokapu za Pikipiki

Pikipiki ipitapo juu ya jiwe, gurudumu hurushwa juu. Kazi ya shokapu ni kulirudisha ardhini upesi, kwani tairi lisilogusa barabara haliwezi kusaidia breki wala kukata kona.

Shokapu ina sehemu mbili. Springi hubeba uzito, nayo hufuata kanuni iliyochapishwa na Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1678: kadiri kani inavyozidi, ndivyo springi inavyobonyea kwa uwiano ule ule. Ikiwa nyutoni 200 huibonyeza sentimita 1, nyutoni 400 huibonyeza sentimita 2. Lakini springi peke yake ingeendelea kurukaruka. Kwa hiyo ndani yake mna bomba la oili na pistoni yenye vitundu vidogo. Oili ikilazimishwa kupita vitunduni, nishati ya mruko hugeuka joto, na pikipiki hutulia.

Pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi kwenye springi za nyuma, nayo huzungushwa kwa spana maalumu. Wengi hudhani kwamba kuikaza pete huongeza ugumu wa springi. Sivyo. Ugumu hutegemea aina na unene wa waya, pamoja na upana na idadi ya mizunguko yake. Pete huinua kimo cha nyuma tu.

Ili kupata ngazi ifaayo, gurudumu la nyuma huinuliwa lisiguse ardhi, kisha hupimwa umbali kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake. Dereva akishaketi, na magurudumu yote yakiwa chini, kipimo hurudiwa. Tofauti yafaa iwe takriban theluthi ya mwendo wote wa gurudumu: sentimita 3 kwa mwendo wa sentimita 9.

Abebaye abiria au magunia hupandisha ngazi. Asipofanya hivyo, nyuma hudidimia, usukani huwa mwepesi mno, na taa huwamulika machoni wanaokuja mbele. Mzigo ukishushwa, pete irudishwe. La sivyo gurudumu halitaweza kushuka vizuri shimoni, na tairi litaachana na barabara. Ngazi za kulia na kushoto ziwe sawa daima.

Hata hivyo, ikiwa oili inavuja na pikipiki hudunda mara nyingi baada ya kukandamizwa, pete haitasaidia kitu. Shokapu hiyo haina budi kutengenezwa au kubadilishwa.