Sauti ya Mwananchi Huanzia Kijijini

Kule Ludara, wilayani Koboko, kama ilivyo kote Uganda, serikali iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi ni ile ya kijiji, LC I. Ndiyo isuluhishayo ugomvi wa majirani na kuandika barua ya utambulisho.

Hata hivyo, tangu 2001 wananchi hawakuichagua tena mpaka 10 Julai 2018. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa kuwachagua viongozi hao bila vyama hakukupatana na mfumo wa vyama vingi, uliorudishwa kwa kura ya maoni ya 2005. Mtoto aliyezaliwa 2001 alitimiza miaka 17 bila kuuona uchaguzi wa kijiji chake.

Siku ilipowadia, watu walipanga mstari nyuma ya wagombea. Mstari una heri yake: gharama ni ndogo, na hesabu huonwa na wote. Lakini mdeni naye huonwa na mdai wake, na mke na mumewe. Katiba ya 1995 yaagiza kura ya siri kwa Rais na Wabunge. Chaguzi nyingine, Bunge laweza kuziondolea sharti hilo.

Basi sanduku la siri na lifike kijijini, na muda wa uchaguzi uheshimiwe. Hadi hapo, mama asigombezwe nyumbani kwa mstari aliosimama. Nawe askari, ulinde mstari, usiuelekeze.