Kuhesabu Magari Dar es Salaam: Mahali pa Kihisi Huamua Ubora wa Takwimu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, lakini haikulenga kuonesha ni wangapi hutoka Mbagala au Tegeta kila asubuhi kuelekea katikati ya jiji.

Pengo hilo huweza kupunguzwa kwa vihisi, yaani vifaa vinavyohesabu magari yanayopita barabarani. Si lazima kila barabara iwekewe kifaa. Katika makutano ya njia nne, kama ya Mwenge wilayani Kinondoni, magari yanayoingia ndiyo yanayotoka. Ikijulikana idadi ya yote yanayoingia na ya yanayotokea njia tatu, ya njia ya nne hupatikana kwa kutoa.

Vihisi viwili vikiwekwa katika Barabara ya Kilwa pasipo na mchepuko kati yake, cha pili hurudia hesabu ya cha kwanza, huku barabara za mitaa ya Temeke zikibaki bila takwimu.

Aidha, kihisi huhesabu magari, si watu: daladala iliyojaa abiria na gari dogo lenye dereva pekee, kila moja ni gari moja. Kwa sababu hiyo, hesabu hizo huhitaji kuambatana na mahojiano ya abiria vituoni na majumbani. Mtaa usiohesabiwa huonekana hauna wasafiri, na huweza kusahaulika mabasi na barabara zinapopangwa.