Kinyume cha "Man" ni Nini?

Wengi wetu tuliingia chuoni tukiwa na orodha za vinyume vya Kiingereza vichwani: "hot" na "cold", "good" na "bad", "man" na "woman". Orodha hizo zilitusaidia kufaulu mitihani, wala sina nia ya kuzibeza. Lakini jamani, tukizibeba hadi kwenye uhakiki wa kazi za fasihi, zinatupotosha. Katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na lugha yenyewe. Wanaisimu hugawa vinyume katika makundi. Vipo vya ngazi, kama "hot" na "cold": katikati kuna vuguvugu, hivyo kisicho moto si lazima kiwe baridi. Vipo visivyo na katikati, kama "dead" na "alive": ukikana kimoja umekubali cha pili. Vipo vya kutendua, kama "tie" na "untie", ambavyo Mswahili anavifahamu fika: funga na fungua, ziba na zibua. Aidha, vipo vya uhusiano, kama "buy" na "sell".

Tatizo ni kwamba neno moja laweza kuwa na vinyume kadhaa. "Old" ikisemwa kwa mtu, kinyume chake ni "young". Ikisemwa kwa gari, ni "new". "Light" ya mzigo hupingana na "heavy", ya rangi na "dark". Kwa hiyo anayeuliza kinyume cha neno lililo peke yake, bila sentensi, ameuliza nusu ya swali.

Hebu sasa tuangalie fasihi. Katika Macbeth ya Shakespeare, mke anamsuta mumewe anaposita kumuua mfalme. Kwake yeye, kinyume cha "man" ni mwoga. Macbeth anamjibu kwamba anayevuka mipaka ya utu ndiye asiyekuwa "man". Baadaye Macduff anapata habari kwamba mkewe na watoto wake wameuawa. Anapohimizwa akabiliane na msiba huo kiume, anajibu kwamba lazima pia ausikie uchungu kama "man". Hapa kinyume ni kiumbe asiye na moyo. Neno ni lilelile, vinyume vitatu, na ugomvi wa tamthilia nzima umo humo. "Woman" ya kwenye orodha haitoshi hata kidogo.

Tuje kwa Achebe, Things Fall Apart (1958). Okonkwo akiwa mtoto alichomwa moyo mwenzake alipomwambia kwamba baba yake ni agbala. Neno hilo ni jina la mwanamke, lakini pia la mwanamume asiyetwaa cheo chochote. Hofu ya Okonkwo basi ni kufanana na Unoka, baba yake. Mbona wengi tunaandika tu kwamba "anadharau wanawake" na kuweka nukta? Ni kweli anawadharau, lakini dharau hiyo ni tawi. Mzizi ni baba yake. Tena Agbala ndilo jina la mungu wa mlimani na mapangoni anayeogopwa na Umuofia yote. Kuhani wake, Chielo, ni mwanamke, na usiku anapokuja kumchukua Ezinma, Okonkwo huyohuyo anabaki kumsihi. Anachokikimbia kama udhaifu ndicho kinachobeba nguvu asizoziweza. Kejeli hii haionekani kwa msomaji aliyekwisha kuandika "man" upande huu na "woman" upande ule.

Wapo watakaodai kwamba haya ni ya wanaisimu, sisi wa fasihi tuna dhamira na wahusika wetu. La hasha! Dhamira hujengwa kwa maneno, na mhusika hujulikana kwa kile anachokikataa. Mhakiki akikutana na neno zito katika kazi, ajiulize: linapingana na nini hapa, na nani ameamua hivyo? Ajaribu na "free", "honest" au "civilized" katika kitabu chochote anachosoma muhula huu. Asishangae akikuta kila mhusika ana kinyume chake.