Istilahi za Hisabati na Moyo wa Mwanafunzi Mwenye Kipawa

Husemwa mara nyingi kwamba mwanafunzi mwenye kipawa huipenda hisabati kwa kuwa huiweza. Kauli hii haitoshi, maana wapo waiwezao wasioipenda, na sababu moja ya jambo hilo imo katika lugha.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania Bara, na katika shule nyingi za serikali kingali hivyo. Istilahi nyingi za hisabati zimefuata kanuni za lugha yenyewe. Tazama kigawo na kigawe. Kiishio -o hutaja kitendacho, kama kizibo kilivyo kitu kizibacho. Kiishio -e hutaja kitendwacho, kama mtume alivyo mtu aliyetumwa. Basi 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Kadhalika 7 huitwa namba tasa, kwa kuwa haina vigawo ila 1 na yenyewe.

Mtoto mwepesi wa akili hapokei neno kama hilo kimya kimya. Huweza kuuliza: mbona 7 ni tasa, nayo imezaa 14? Swali hilo si utundu. Limegusa tofauti iliyopo baina ya kigawo na kigawe, nalo ni dalili ya kuipenda hisabati kuliko jibu sahihi lililokaririwa.

Afikapo sekondari, hata katika shule za vipaji maalumu kama Ilboru na Mzumbe, mtoto huyo hufundishwa hisabati kwa Kiingereza. Hapo maneno hayana tena mlango wa kuingilia. Asiye na kipawa hushindwa, na kushindwa kwake huonekana. Mwenye kipawa husaidiwa na kumbukumbu yake: hukariri kanuni, hupata alama nzuri, wala hakuna atambuaye kwamba ameacha kuuliza. Yamkini hasara yake ndiyo kubwa zaidi, kwa kuwa imefichwa na ushindi.

Hata hivyo haifai kudhani ya kuwa Kiswahili peke yake ni dawa. Shufwa na witiri ni maneno ya asili ya Kiarabu. Mtoto aliyelelewa katika sala ya witiri huenda akakisia kwa nini 3 huitwa hivyo. Mwenzake asiyeijua hukariri tu, kama atakavyokariri Kiingereza baadaye. Neno lisilofunguliwa ni geni katika lugha yoyote.

Kwa hiyo mwalimu wa sekondari angefanya vyema kumwacha mwanafunzi aeleze dhana kwanza kwa lugha aijuayo, ndipo ampe istilahi ya kigeni. Na atakaye kupima mapenzi ya mwanafunzi kwa hisabati asihesabu alama zake tu, bali ahesabu na maswali yake.