Kilima cha Mengo: Jumba la Kabaka na Shimo Lililo Nyuma Yake

Baba ajapo likizo, watoto hudai matembezi. Wengi wetu huwapeleka Entebbe kutazama wanyama na upepo wa ziwa. Si vibaya. Lakini safari hii twawashauri mpande vilima. Kampala ni mji wa vilima, na juu ya vile vikubwa pana jumba la mfalme, au nyumba ya ibada, au boma la askari. Vingine vimewahi kuwa na vyote hivyo kwa zamu.

Anzieni Old Kampala. Hapo ndipo Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza, alipopiga hema zake Desemba 1890 na kujenga ngome, uso wake ukielekea Mengo kwa Kabaka Mwanga. Tarehe 24 Januari 1892 Waganda wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipopigana, Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, akaongeza na bombomu lake aina ya Maxim. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Leo juu ya kilima hicho umesimama msikiti mkuu, uliofunguliwa mwaka 2008 na Kanali Gaddafi wa Libya, ambaye ndiye aliyeugharimia. Ngazi za mnara wake zapita 300. Watoto huzihesabu kwa sauti hadi pumzi ziwaishie. Watu wazima husingizia kutazama mandhari. Akina mama wachukue leso na ushungi, na viatu huvuliwa mlangoni.

Kutoka mnarani mtaviona vyote: Namirembe na kanisa la Waanglikana, Kibuli na msikiti wake mweupe, na Rubaga na kanisa la Wakatoliki, kilima ambacho kabla ya hapo kilikuwa na jumba la Mutesa I. Kisha macho yatatua Mengo. Teremkeni mwende huko.

Njia ya Kabaka Njagala hunyooka kama uzi, kiasi cha maili moja, kutoka Bulange, lilipo baraza la Buganda, hadi lango la Lubiri. Katikati pana mzunguko wa barabara, na sisi raia huuzunguka. Kabaka hauzunguki: amewekewa njia yake inayopita katikati, yenye mageti yanayofunguliwa kwa ajili yake peke yake. Vijana tuliokuwa nao walilipenda jambo hilo kuliko yote.

Langoni nilimwamkia mzee mmoja aliyeketi kivulini. Nilisema, "Shikamoo mzee," kwa Kiswahili, kama nilivyozoea. Alinitazama kitambo bila kuitikia. Kisha aliuliza kwa upole, "Wewe ni mwanajeshi?" Nikasema mimi ni mwandishi tu wa gazeti, ila wenzangu ni wake na watoto wa askari. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba katika ujana wake lugha hii aliisikia zaidi kwa watu waliobeba bunduki, na waliposema "lete", ulileta. Nami ninayekula mkate wangu kwa Kiswahili, sikuwa na jibu. Ni kweli kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukifanya lugha rasmi, lakini azimio halifuti masikio ya mtu.

Jumba lenyewe, Twekobe, lililojengwa enzi za Kabaka Daudi Chwa II, hutazamwa kwa nje tu. Ni la kupendeza, limetulia juu ya majani mabichi. Alfajiri ya tarehe 24 Mei 1966 lilishambuliwa na jeshi la serikali kwa amri ya Milton Obote, kamanda akiwa Kanali Idi Amin. Walinzi wa Kabaka walipigana kwa saa nyingi. Watu wengi walikufa. Mutesa II aliruka ukuta, akafika uhamishoni Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1971 na kuzikwa Kasubi pamoja na baba zake. Katiba ya 1967 ilifuta falme. Mwaka 1993 zilirudishwa, na Ronald Mutebi II akatawazwa. Katika miaka ile ya kati Lubiri ilikuwa kambi. Waliolala humu walikuwa askari, na familia za baadhi yao.

Nyuma ya jumba, njia hushuka kwenye handaki la zege. Lilijengwa miaka ya mwanzo ya utawala wa Amin kwa msaada wa mafundi wa Israeli, liwe ghala ya silaha. Baadaye likawa gereza. Kiongozi wa wageni alitueleza kwamba njia ya kuingilia ilijazwa maji yaliyotiwa umeme, ili atakayejaribu kutoka asifike mbali. Ndani ni vyumba vya giza visivyo na dirisha. Kutani pana alama za viganja na maandishi ya mkaa. Mmoja wa waliofungwa humo alimwandikia Obote lawama, akiuliza habari za watoto wake atakaowaacha. Basi wafungwa hawakuwa wa utawala mmoja tu.

Baadhi ya akina mama walisema watoto wabaki juu wanywe soda. Mke wa sajenti mmoja alikataa. Alisema mumewe huvaa sare, na mwanawe akikua huenda akaivaa pia. Bora aone huku amemshika mkono. Wakateremka. Mvulana wa miaka 10 hivi alipima kiganja chake na alama iliyo ukutani, bila kuigusa, kisha akauliza, "Waliomtia humu walikuwa askari kama baba?"

Mama yake alinyamaza kidogo. "Walivaa sare kama ya baba," akasema. "Nenda nyumbani ukamuulize yeye sare ni ya nini. Atakujibu."

Tulipotoka mzee yule alikuwa bado kivulini. Mvulana alimpita, akasimama, akapiga magoti kama Waganda wanavyowafundisha watoto wao, akamwamkia kwa Kiswahili. Mzee alimwitikia marahaba.