Spinabaiti ya bei chee: ununue au uache?

Wafugaji wa samaki mnaniuliza sana kuhusu spinabaiti, kile chambo bandia chenye kijibati kinachozunguka majini. Swali la kwanza: unavua samaki gani? Sato wa bwawani hula mwani na chakula unachomwagia, kijibati hana habari nacho. Hapo hata ukipewa bure ni hasara ya muda. Vuna kwa wavu.

Sangara wa ziwani ni mwindaji, huyo anakifuata. Basi ya bei chee ipime hapohapo dukani. Puliza kijibati, kikigoma kuzunguka, rudisha. Buruta ncha ya ndoana juu ya ukucha. Ikiteleza ni butu, ila utanoa kwa tupa. Waya ukiupinda kidogo usirudi, hiyo usichukue kabisa.